Mzee Kafaulu Picha Kumi na Sita

Mpendwa mshauri, naomba msaada maana nimechanganyikiwa na hii ndiyo mara yangu ya kwanza kuandika gazetini. Sisi ni wakulima wa mpunga huku Akita, Japani, mume wangu Shigeo ana miaka sabini na nane na kwa umri huo hapewi leseni mpya ya gari mpaka afanye mtihani wa kumbukumbu, anaonyeshwa picha kumi na sita kisha azitaje, basi nikanunua kitabu cha mazoezi nikawa namkaririsha kila asubuhi kabla ya supu ya miso, ngoma, simba, kikaango, chipukizi la mwanzi, mpaka akanifokea, "We bibi, utanipasua kichwa, kwani naenda kuoa picha?", akaenda akafaulu vizuri tu, na jioni akarudi kwa basi akaniuliza, "Fumie, gari letu umelipeleka wapi?", kumbe kaliacha kulekule kwenye mtihani. Sasa nishike lipi, mzee ni mzima au si mzima? Nikimwambia aache kuendesha ananijibu, "Serikali imenipa leseni, wewe nani?", na kila Jumanne anampeleka mjukuu wetu Kotone kwenye judo. Mimi kichwa changu hakina tatizo, picha zote ninazo mpaka leo. Nimfiche ufunguo?

Fumie, Akita

Bi Fumie, pole, lakini acha nikuseme. Umemkaririsha mzee majibu, halafu unashangaa kafaulu! Alichopimwa siku ile ni kitabu chako cha mazoezi. Kusahau ufunguo uko wapi ni uzee, hata mimi ninao, ila mtu akisahau kabisa kwamba alikwenda na gari, hilo ni la daktari. Ufunguo mpe mwanao leo, Kotone apelekwe na mama yake, na leseni mzee abaki nayo mfukoni kama inampa raha.

La pili naliandika kwa shida. Barua hii ni ya tatu kutoka kwako tangu theluji iyeyuke. Maneno ni yaleyale, na zile mbili za mwanzo nilizijibu hapahapa. Sijui kama ni uchovu, mawazo, au ni hicho unachokiogopa kwa mzee. Mimi si daktari. Kwa hiyo kliniki nendeni wote wawili, na wewe ndiye uingie kwanza. Usione aibu, mama.

Kata jibu hili ulibandike kwenye mlango wa friji. Ukikuta jingine limeshabandikwa pale, usishtuke, ni langu pia.