Wamelibeba Shamba, Wametuachia Kutu

Kindu, Jumatano. Mvua tangu mchana, na mimi nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi.

Niseme wazi: namdharau Sitwayeni Mwamba (siku hizi Chama kimeamuru sote tuitane sitwayeni, raia). Nimejaribu kumwogopa kama wenzangu wanavyomwogopa, nimeshindwa. Yeye ndiye delege, mjumbe wa Chama katika mtaa wetu huu wa nyuma ya reli. Ana abakosti mbili, zile suti za Chama zisizo na tai, anazivaa kwa zamu, na akisimama kuhutubia hushika tumbo kwa mikono miwili kana kwamba tutamwibia.

Hata jina lake linanichekesha. Mwamba! Mimi nafundisha kilimo shule ya wasichana, mwamba naujua. Unakaa chini huko, maji ya mvua yanauingia, joto linaupiga, unaoza polepole, na kuoza kwake ndiko kunatupa udongo. Huyu wetu naye anaoza, ila hatoi kitu.

Mwezi uliopita aliniita nifundishe wakaaji juu ya udongo, maana kilimo njo neno la juu la Chama mwaka huu. Nikafundisha, tena kwa moyo. Nilichimba shimo kando ya shamba letu, watu wakaona wenyewe: juu kabisa kuna tabaka jeusi, halifiki hata kiganja, kazi ya majani yaliyooza, mizizi na minyoo. Chini yake wekundu mtupu. Nikawaambia wekundu ule ni kutu, kutu ileile inayokula reli, kwa sababu mvua za huku zimekwisha kuosha vizuri vyote na kuacha chuma. Nguvu ya muhogo wetu iko katika lile jeusi. Tangu Waungwana walipofika hapa kutoka Zanzibari, yapata miaka mia sasa, nikasema, pengine limeongezeka unene wa kucha.

Mwamba alikaa mbele kabisa. Aliuliza swali moja tu.

"Basi, sitwayeni, mali yote iko hapa juu?"

Nikajibu ndiyo. Nikamsifu moyoni, mjinga mimi.

Jana ilikuwa salongo, ile kazi ya lazima ya mtaa mzima. Akatangaza kwamba mkubwa fulani anakuja kutoka Bukavu, kwa hiyo mtaa ung'ae. Tulidhani ni kufyeka majani kama siku zote. Tulipofika kwenye mashamba yetu ya kando ya reli, akanyoosha kidole.

"Hii nyeusi njo buchafu. Muparure mpaka itoke nyekundu, iwe propre, safi."

Hakuna aliyeshangaa, na hilo lazima niliseme. Sisi hapa tunapenda uwanja mtupu, mwekundu, uliofagiliwa. Marehemu mama yangu akiona jani moja mlangoni alikuwa anaona haya kama ameonekana bila kitenge. Basi watu wakaparura shamba kama wanavyoparura uwanja. Nilipinga, nikaambiwa salongo haina mjadala, tena mume wangu ni mtu wa reli na kazi yake inatazamwa. Mwenyewe, Baba Feza, akanitazama. Nikashika jembe.

Nimeparura shamba langu mwenyewe.

Mihogo iling'olewa ingali michanga, majani yake, sombe ya watoto, yakatupwa juu ya rundo. Jirani yangu Mama Amina ni mjane, hana tegemeo lingine ila shamba lile, naye aliparura huku akiimba nyimbo za Chama, maana asiyeimba anaonekana. Kamyo ikaja ikinguruma, ikabeba "buchafu" wote. Tukaambiwa unakwenda kutupwa mtoni.

Jioni nilimtukana Mwamba kwa Kiswahili na kwa Kifaransa. Nilimwita mpumbavu, kipofu, kichwa cha mbuzi. Kumbe nilikuwa nampa heshima.

Leo asubuhi Mama Amina alikwenda njia ya Kailo kumwomba dada yake vijiti vya mihogo vya kupanda. Amerudi amelowa, hata kukaa amekataa. Ameuona udongo wetu. Umemwagwa ukasawazishwa vizuri kwenye shamba la Sitwayeni Mwamba, na vipande vya mihogo yetu bado vimo ndani. Mwamba ameshapanda nyanya. Mkubwa wa Bukavu hakuna anayemjua.

Hilo linaniuma kuliko jembe. Wasichana wangu wote pale shuleni, hakuna aliyeelewa somo vizuri kama yule mtu. Mjinga ningemsamehe. Mwizi anayekaa mbele, anasikiliza, anauliza swali, halafu anakwenda kuiba kwa kufuata somo lako, huyo ananitia kichefuchefu.

Nimeshasema na akina mama. Kesho tunafanya salongo yetu, bila kuitwa, kwenye shamba la delege wetu mpendwa. Tutakwenda na majembe na mabeseni, tukiimba nyimbo zake zote, na mabeseni yatarudi yamejaa. Haifai kiongozi akae na buchafu.

Baba Feza anasema watanifunga. Inawezekana. Naogopa, sitadanganya hapa. Lakini leo watoto wamekula bugali bila mboga, na Mama Amina hata bugali hana.

Mwamba akitaka kutuzuia, njia iko moja tu: asimame mbele ya watu wote, katika abakosti yake, aseme kwamba ule udongo si buchafu.

Nataka nimsikie akisema.