Darasa la Nne la Dada

Dada yangu mkubwa,

Sisi hatujambo, ila goti la mama watoto bado linamsumbua. Kitindamimba wetu, uliyemwona mara ya mwisho akiwa mchanga, ameng'oka jino la mbele. Akicheka ni wewe mtupu.

Yule afisa aliyekupigia simu Jumanne kuuliza habari za shule yako nilikuwa mimi. Tunaandaa orodha ya shule zote za binafsi, ili humo zichaguliwe chache ambazo wanafunzi wake wa darasa la nne watapimwa masomo kwa niaba ya nchi nzima. Jina la shule yako nililiona wiki tatu kabla. Nikaliruka. Kila siku nikawapigia wengine, maana nilikumbuka nilivyokucheka ulipogeuza sebule ya mama kuwa darasa. Nilisema haitamaliza muhula. Huu mwaka wa sita, na bado unafundisha.

"Darasa la nne lina wanafunzi wangapi?" nikauliza, nimeikaza sauti kiofisi.

"Tisa, kaka," ukajibu bila kunitambua. "Walikuwa kumi, mmoja kahama juzi."

Dada, darasa likiwa na chini ya kumi, shule haiingii kwenye orodha. Sharti si langu, ila kuchelewa ni kwangu. Ningekupigia siku ile ya kwanza, mngekuwamo. Nimeifuta kwa mkono wangu huu.

Hata hapo ningeweza kujitaja. Nilishafungua mdomo, ukaniwahi: "Ahsante sana kwa kutukumbuka."

Nikakata simu.

Ni mimi,
mdogo wako.