Maziwa juu ya dhahabu

Shoga, unamkumbuka Miwani, yule mtaalamu wa maabara aliyesema vumbi la ufagio wangu linamharibia vibao vyake?

Leo nimemkomesha!

Vile vibao nilivyokusimulia, vidogo kama ukucha, vimepakwa dhahabu yenye vinundu visivyoonekana kwa macho. Vinanasa chembe za ugonjwa kwenye damu, na mashine ikivimulika inasoma kilichonaswa. Miezi mitatu majibu yanatoka ovyo, na barua ya kunifukuza ilishachapwa.

Nikawa namtazama tu anavyokunywa chai ya maziwa palepale mezani, kisha anashika vibao bila glavu.

Leo mkuu wake alipokuja nikamwambia, "Mwanangu, hebu pima kibao kisichotiwa damu."

Mashine ikasoma maziwa. Maziwa, shoga! Juu ya dhahabu!

Miwani jasho likamtoka. "Labda bibi alimwaga chai yake..."

"Mie chai yangu ya rangi, baba. Mwaka wa tisa huu sigusi maziwa."

Mkuu akamuuliza, "Na hicho kikombe mkononi mwako ni cha bibi?"

Sikumsaidia hata kidogo! Nimeegemea ufagio wangu, namngoja.

Mwishowe Miwani akasema, mbele ya mkuu wake: "Bibi, ni mimi niliyeviharibu. Nisamehe."