Kompyuta Inawaka Haraka, Sauti ya Baba Haimo

Alhamisi. Jua kali tangu asubuhi, ziwa limetulia. Mimi sijatulia. Nimekasirika hadi vidole vinakosea herufi.

Kompyuta yangu ilianza kusumbua mwezi uliopita. Diski ilikuwa inagonga ndani, tik, tik, na nikifungua faili moja naweza kuchemsha chai na kuimaliza. Jumanne nikaipeleka kwa Masalu, fundi wa hapa Igogo, aiwekee SSD, hizi diski mpya zisizo na kitu kinachozunguka. Nikamwambia wazi, "Kabla ya yote nihamishie folda ya Baba."

"Usijali, mwalimu."

Folda hiyo ina rekodi za baba yangu. Miaka miwili iliyopita, kabla hajapasuliwa koo, nilikwenda kwetu kisiwani Nansio nikamrekodi akisimulia habari za ukoo wetu kwa Kikerewe. Sasa hatoi sauti. Anaandika, au anaonyesha kwa mkono.

Leo nimeifuata kompyuta. Inawaka haraka ajabu. Na ni tupu.

"Folda iko wapi?"

"Ile diski ilikuwa inakufa, mwalimu. Nikaona bora uanze upya tu."

Akaona! Nani alimwomba anianzishe upya?

Diski yenyewe alikuwa ameitupa kwenye boksi la mabovu, ikisubiri mnunuzi wa vyuma chakavu. Nilipiga magoti sakafuni na gauni langu la kazini nikaichakura mwenyewe. Wateja wakasogea kunipisha. Masalu akasema, "Hasira za nini, si kifaa tu?" Nikaitia diski mkobani, nikatoka. Ningefungua mdomo ningelia, na sikutaka anione nikilia.

Nikaenda moja kwa moja kwa Neema, fundi wa mtaa wa pili. Hakuniahidi kitu. Aliiunganisha diski kwa waya kwenye kompyuta yake, akanakili faili moja moja, akanikataza hata kuegemea meza. Tulikaa hivyo mpaka saa kumi jioni.

Rekodi zilikuwa kumi na nne. Zimepona kumi na moja.

Niseme ukweli wangu pia. Muda wote huo nilikuwa na flashi kwenye mkoba, na sikunakili hata faili moja. Kila wikendi nilisema wikendi ijayo. Huo ni uzembe wangu, nami naubeba. Lakini haumpunguzii Masalu chochote. Aliambiwa, akaitikia, akapuuza.

Niliporudi nyumbani nikafungua rekodi ya kwanza. Baba anakohoa, anacheka, anauliza kama hicho kidude kimeshaanza kunasa. Nikazima. Sikuweza kuendelea.

Jumamosi napanda meli kwenda kwake na daftari jipya, nimwombe aziandike zile tatu zilizopotea. Anazikumbuka, hilo sina wasiwasi nalo. Ninachowaza ni pale mlangoni, baada ya shikamoo, atakaponitazama akisubiri habari.

Nitaanza na zipi, zilizopona au zilizopotea?