Bibi Amenifanya Mtaalamu wa Picha ya Kuchapwa

Mpendwa Mama Zulmira,

Naomba unisaidie kupitia safu yako gazetini kabla ya sikukuu ya parokia, maana hapa Turlock, California, siwezi kumweleza mtu, kila ninayemfahamu ni binamu wa mwingine. Nina miaka ishirini na mbili, nimesoma historia ya sanaa miaka miwili katika chuo kidogo cha hapa mjini, na Agosti nahamia chuo kikuu kule pwani kumalizia shahada. Miaka yote hiyo nyumbani nilikuwa kichekesho, kaka yangu Adelino anayekamua ng'ombe wa baba alikuwa akinisalimu kwa kuniuliza leo nimetazama ukuta gani, na baba akiulizwa na majirani ninasomea nini, anakohoa.

Sasa Bibi Ilda, mama yake baba, ana picha ya Bikira Maria aliyokuja nayo kutoka kisiwani Terceira, Ureno, akiwa bibi harusi, na sote tumekua tukiambiwa ilichorwa kwa mkono na fundi mkubwa wa zamani, na mwaka huu ameamua kuitoa zawadi kanisani. Basi nikapanda kiti nikaikagua kwa kioo cha kukuzia kama tulivyofundishwa, na chini ya vanishi nikaona vitone vya wino vimejipanga safu kwa safu, yaani imechapwa na mashine, mama, kama kalenda. Hapo hapo Bibi akaingia na kahawa yake.

"Haya, msomi," akasema, "unaona nini?"

Nikamtazama usoni, nikajibu, "Naona mkono wa fundi, Bibi."

Alilia kwa furaha, akampigia simu Padri Tibúrcio, na padri ameshatangaza kwenye ratiba ya misa kwamba picha imethibitishwa na mtaalamu Delfina Borba, ambaye atazungumza dakika kumi Jumapili ya sikukuu. Adelino ameacha kunitania na amenioshea gari. Baba hakohoi tena, anakitaja chuo kikuu hata kwa muuza majani ya ng'ombe. Na kinachonimaliza zaidi ni kwamba katika insha iliyonipatia nafasi chuoni niliandika jinsi sanaa ilivyonifundisha kusema ninachokiona. Nikisema kweli nitamuua bibi wa miaka themanini na sita, nikinyamaza nitakuwa tapeli kabla sijahitimu. Nifanye nini?

Delfina

Delfina mwanangu,

Pole, lakini pole yangu ni fupi. Umelalamika miaka miwili kwamba nyumbani hawaiheshimu elimu yako, na siku ya kwanza walipoihitaji ukaificha mfukoni. Bibi yako alikuuliza unaona nini. Hakukuuliza unampenda kiasi gani.

Na usiniletee habari za kumuua. Mwanamke aliyeacha kisiwa chake na kuanza maisha upya hafi kwa vitone vya wino. Unayemhurumia ni wewe mwenyewe: umeonja kuheshimiwa, na gari linang'aa.

Fanya hivi. Nenda kwake peke yako asubuhi, shusha picha mezani, mpe kioo atazame mwenyewe. Usihutubie. Kisha omba radhi kwa uongo wako, si kwa picha, maana picha haikumkosea mtu. Ukitoka hapo, pitia kwa padri.

Maneno ya hapo juu nilikutumia kwa posta kabla ya kuyachapa gazetini, na juzi umenipigia. Unasema Bibi Ilda alitazama muda mrefu, akauliza kama mafundi wakubwa nao walichapa kwa mashine, ukamwambia hapana. Siku tano baadaye akakuamuru uzungumze dakika zako kumi kama ilivyopangwa, na uanze kwa kuungama ule uongo. Picha inakwenda kanisani vilevile. Amesali mbele yake zaidi ya miaka sitini na haoni mashine inamhusu nini. Padri amenuna kwa sababu ratiba zake zilishachapwa na lile neno "imethibitishwa". Adelino ameahidi kuwahi kiti cha mbele.

Sasa unaniuliza kama unaweza kuugua Jumapili hiyo. Huwezi. Vaa nguo ya heshima, ongea kwa sauti ya kufika viti vya nyuma, na dakika kumi zikiisha, keti.

Mama Zulmira