Nilivuka Madaraja ya Amsterdam, Sasa Naambiwa Niombe Radhi

Mpendwa Bi Zaituni,

Salamu nyingi kutoka Butihinda, naomba unisaidie haraka kwa sababu pombe ya ndizi iko mtungini tangu juzi na Jumapili itakuwa imeiva, nami sijui itanywewa kwa jina gani, ya msamaha au ya furaha, mume wangu anasema ni ya msamaha na roho yangu inakataa kabisa.

Mimi naitwa Theodosia, ni mkulima wa kahawa, nililelewa kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania kama wengi wa huku, niliingia nikiwa mgongoni mwa mama nikatoka nikiwa msichana wa kuolewa, na huko kambini hukuruhusiwa kupita kilomita nne bila kibali, ukikamatwa njiani na kuni zako unalala mahabusu, kwa hiyo hata leo nikiona mtu mwenye sare mkono wangu unaanza wenyewe kutafuta karatasi mfukoni.

Mwaka huu ushirika wetu ulialikwa kwenye maonyesho ya kahawa Denmark, tukaenda wanachama wachache pamoja na mwenyekiti wetu Egidius, ambaye kambini alikuwa kiongozi wa mtaa, yule anayeshika kadi za chakula za watu wote zisipotee, na pasi zetu za kusafiria alizifanya hivyo hivyo, alizikusanya tangu Bujumbura akazitia kwenye mkoba wa kifuani, akila nao, akilala nao, na hakuna aliyeuliza kwa sababu ndivyo tulivyozoea.

Wakati wa kurudi ndege ikatushusha Amsterdam asubuhi, na ile ya kutuleta Afrika ilikuwa ya usiku. Egidius akatukalisha wote kwenye viti vya pembeni, akasema, "Hakuna kunyanyuka hapa mpaka tuitwe." Sasa mbele yangu ukutani kulikuwa na picha kubwa ya mji wao, Bi Zaituni, maji yamepita katikati ya nyumba mahali ambapo sisi tungeweka barabara, nikaitazama mpaka shingo ikauma, halafu akapita mama mmoja Mkongomani anafagia, nikamwuliza kwa Kiswahili kama mji ule ni wa kweli, akacheka, "Iko hapa karibu tu, mama! Treni iko chini yetu. Viza munayo? Bas, we enda, utarudia mbele ya jua kuzama."

Nikaenda kwa Egidius nikamwomba pasi yangu. Akaniuliza, "Una kibali cha nani?" Akasema basi twende kwa polisi, polisi akiandika kibali atanipa pasi, na akanyanyuka na mkoba wake akiwa na uhakika kwamba nitafukuzwa, na mimi pia nilikuwa na uhakika huo. Polisi alikuwa mwanamke. Nikamwomba kwa Kifaransa changu cha shule ya kambini anipe karatasi ya kutoka na anionyeshe mwisho wa kutembea ni wapi. Hakunielewa, nikarudia. Akachukua pasi kwa Egidius, akatazama viza, akaifunga, akanirudishia mimi, si yeye, akasema, "Madame, karatasi ni hii. Tembea mpaka miguu ichoke, ila usikose ndege."

Sikungoja Egidius aseme neno.

Bi Zaituni, nilitembea! Nyumba zao ni nyembamba, ndefu, zimebanana bega kwa bega, nyingine zimeinama mbele kidogo kama zinataka kujiangalia majini, na kila moja ina chuma cha ndoano juu kabisa chini ya paa, nikamwuliza mzee mmoja aliyekuwa anasugua boti lake akanieleza kwamba zamani walipandishia magunia dirishani kwa kamba, ya viungo na ya kahawa, nikasimama pale natazama ile ndoano nikawaza magunia niliyobeba kichwani tangu niolewe. Nikavuka daraja, mbele yake daraja, mbele yake tena daraja, baiskeli zinapita pembeni yangu kama nzige, nikala chipsi za moto kwenye karatasi nikiwa nimekaa ukingoni miguu inaning'inia juu ya maji. Kila nikikata kona nilingoja filimbi. Hakuna aliyepiga. Kwenye daraja moja la mawe nikajikuta nimesimama katikati na machozi yananitoka na hapo hapo nacheka, nikajua kwamba kilomita nne zimebaki nyuma zamani, nikaweka mkono mdomoni nikapiga vigelegele, vile virefu vya harusi, na watu waliokuwa kwenye boti chini yangu wakapiga makofi bila kujua harusi ni ya nani.

Nikarudi jua likiwa bado juu, nikawakuta wote wamelala pale pale vitini, Egidius naye amelala kakumbatia mkoba, maskini alikuwa hajafumba jicho tangu Denmark, na kwa kuwa mlango wa kupandia ndege yetu ulikuwa umebadilishwa ukawa mbali sana niliwaamsha tukaenda. Ndani ya ndege mwenzangu Jeska hakuniacha nilale, "Nieleze tena la ndoano, nieleze tena ulivyopiga vigelegele."

Tumefika nyumbani, Egidius amewaambia wanachama kwamba nilitaka kutoroka, kwamba ningewafungia wote milango ya Ulaya, na kwamba Jumapili nilete pombe ya kuomba radhi mbele ya mkutano kama desturi yetu ilivyo kwa mwenye kosa, la sivyo jina langu litolewe kwenye orodha ya watakaosafiri tena na nisionje tena kahawa ya ushirika kabla ya kuuzwa, kazi ambayo nimeisomea na ninaipenda kuliko zote. Siku aliyoyasema hayo nilikuwepo nikanyamaza. Mume wangu Longino, ambaye hakukimbilia Tanzania, ananiambia, "Mi sitaki fujo. We mupe iyo pombe, bas, tulale na amani." Lakini Bi Zaituni, nikiomba radhi kwa siku ile, nitakuwa nimeirudisha. Nifanye nini?

Theodosia, Butihinda, Muyinga.

JIBU LA BI ZAITUNI

Theodosia mwanangu, barua yako nimeisoma kwa sauti hapa Musinzira, Gitega, kwenye kibanda chetu cha cherehani, na tulipofika darajani dada yangu Fatouma aliacha gauni la mteja chini ya sindano akasema, "Uyu mama iko na roho! Umujibu leo leo." Basi nakujibu leo leo, na nitaanza kwa kukugombeza kwa sababu hivyo ndivyo mlivyonizoea.

Kwanza, ulinyamaza. Mtu anakuita mtoro mbele ya watu nawe unatazama vidole vyako vya miguu? Vigelegele ulivipata kwa Wazungu wasiokujua, mbele ya jirani zako ukakosa hata kikohozi! Pili, ulimwacha Jeska kitini. Roho yake ilikuwa inawaka kama yako, ungemshika mkono mkaenda wawili, na leo ungekuwa na shahidi. Hilo ndilo kosa lako, na la kuomba radhi ni hilo tu, tena kwa Jeska peke yake, jikoni, bila mtungi.

Sasa nisikilize. Jambo kubwa kuliko yote katika barua yako umelipitisha haraka haraka kama mtu anayeficha sahani iliyovunjika. Uliwaamsha. Mlango wa ndege ulibadilishwa, waliokaa vitini kwa utii walikuwa wanakoroma, na aliyewafikisha nyumbani ni yule aliyetoka kutembea. Mtu anayetoroka harudi kuwaamsha wenzake, Theodosia! Kwa nini hukulisema? Najua. Ulimwonea huruma Egidius kwa usingizi wake. Moyo mzuri huo, lakini naona umekufikisha mahali pabaya.

Hata mimi namwonea huruma. Kiongozi wa mtaa kambini, akipotea mtu mmoja, aliyeitwa na kuhojiwa ni yeye. Hofu ile amerudi nayo, ameivaa kifuani pamoja na mkoba. Na alipoona pasi inapita mbele ya pua yake kwenda mkononi mwako, akaona kazi yake imekwisha. Mwelewe. Lakini kumwelewa si kumpa siku yako, maana mwenyekiti wa ushirika anachaguliwa asimamie kahawa, miguu ya watu si kazi yake.

Mume wako mwambie hivi: amani anayoitaka ni ya kwake, wewe ndiye utakayebaki na uchungu tumboni. Na kwa kuwa hataki fujo, mtungi aubebe yeye.

Pombe yako mimi Mwislamu sitaionja, lakini nimeishi Gitega na majirani wa kila namna na desturi naijua. Mwenye kosa huleta pombe, sawa. Na aliyetoka safari ya mbali akarudi mzima, je? Naye pombe inamhusu, watu hukaa wakanywa wakamsikiliza. Mtungi ni ule ule, anayeupa jina ni aliyeupika. Kwa hiyo Jumapili usikae nyuma na wewe. Mtungi ukishatua, simama kabla mwenyekiti hajafungua mdomo, useme, "Hii ni pombe ya safari. Nimekwenda, nimerudi, na nimekuja na habari." Kisha simulia. Wape nyumba zilizoinama, wape ndoano na magunia ya kahawa, wape boti. Ukifika kwenye usingizi wa vitini sema sentensi moja tu: mlango ulibadilishwa, niliwaamsha, tukapanda wote. Usicheke, usimtazame Egidius, endelea mbele. Jeska yupo, atasema "ndiyo", na wenye akili watajumlisha wenyewe. Umalize kwa kuomba mkutano uamue kwamba safari ijayo kila mtu ashike pasi yake mwenyewe. Wanyooshe mikono palepale, msiahirishe. Kazi yako ya kuonja usiiombee, endelea nayo Jumatatu kama kawaida.

Na mrija wa kwanza wa kunywea mtungini mpe Egidius. Usiniulize kwa nini, mpe. Avute mbele ya watu wote, na akiinua kichwa mwambie kwa sauti kwamba mwakani yeye ndiye utakayemshika mkono mtoke naye nje, maana na yeye alizuiliwa kilomita nne zile zile na hajazivuka bado.

Halafu weka mkono mdomoni, mwanangu, upige vile vya darajani. Safari hii watakaopiga makofi watakuwa wanajua harusi ni ya nani.