Mfungo Uliomrudisha Bibi

Mjukuu wangu Zuhura,

Shikamoo yako imefika, marahaba, mwanangu. Huku Mombasa tu wazima, na shangazi yako amejifungua mtoto wa kiume. Nisalimie wote hapo Pasiansi.

Umeuliza kwa nini nilimwomba daktari anipunguzie vidonge vya usingizi. Nilipokuwa msichana Mwanza, kabla ya uhuru, bibi yangu alifiwa na mumewe, akapewa dawa ya kumtuliza, asubuhi, mchana na usiku. Akawa anasinzia kutwa na kusahau majina yetu. Tukasema ni uzee. Mjomba akapanga kumpeleka hospitali ya wagonjwa wa akili, mbali na ziwa.

Ramadhani ikaingia. Bibi alikataa katakata kumeza chochote mchana, akabaki na dawa ya usiku tu. Mwezi haujafika nusu, wakati wa kufuturu akaonja mchuzi wa sato niliopika.

“Mwanaidi! Chumvi yote hii, unataka nisiione Idi?”

Mjomba akaiweka sambusa chini. “Mama, umejuaje aliyepika?”

“Kwani nani mwingine humu hajui kupika?”

Tulicheka hadi machozi. Safari ikafutwa. Daktari akaipunguza dawa iliyobaki kidogo kidogo, na hapo ndipo bibi alipoanza kutusimulia habari za marehemu, akilia na kucheka.

Nami napunguziwa polepole vivyo hivyo. Jana sikulala sana, lakini leo nimekumbuka kwamba hukuniambia mtihani ulikwendaje.

Bibi yako,
Mwanaidi